Basi la usiku: Kicheko, kibofu na miguu iliyovimba

Kama umewahi kupanda basi la jioni kutoka Nairobi kwenda Kampala au Kigali, bila shaka una kisa chako. Haiwezekani watu wapatao hamsini wafungiwe ndani ya chombo kimoja usiku kucha, huyu akikoroma, yule akimenya mayai ya kuchemsha, mwingine akimbembeleza mtoto asiyetaka kulala, halafu kukuche pasiwe na jambo la kusimulia.

Hata hivyo, ukivichambua visa hivyo utaona kwamba karibu vyote vina shina moja, nalo ni mwili wa binadamu kukataa kukalishwa kitako mahali pamoja kwa saa kumi na mbili au zaidi. Kibofu hujaa, tumbo hunguruma, shingo hupinda na miguu huvimba. Abiria hucheka, nawe hucheka nao. Lakini ndani ya kicheko hicho mna hatari moja ambayo wasafiri wengi hawaijui, na wapo wanaoikaribisha wenyewe kwa kukataa kunywa maji.

Tuanze basi na hayo maji. Hesabu ya abiria wengi, hasa akina mama, ni rahisi: basi halina choo, dereva husimama anapotaka yeye, kwa hivyo salama ya mtu ni kutokunywa chochote tangu adhuhuri. Huenda hata wewe umewahi kuifanya hesabu hiyo. Ukishatoka Nairobi basi litasimama Nakuru au mahali fulani kando ya barabara penye hoteli na vyoo vya kulipia, kisha usitarajie kushuka tena hadi Kisumu au Eldoret, na baada ya hapo ni mpakani, Busia au Malaba. Katikati ya vituo hivyo anayebanwa hana budi kumwendea konda na kumsihi kwa sauti ya chini. Naye konda, sijui ni kwa nini, hupaza sauti ili basi zima lisikie: “Dere, kuna mama hapa amebanwa!”

Wenzetu wa Tanzania wamelitafutia jambo hili jina la heshima. Huko msafiri haendi haja, anakwenda “kuchimba dawa”. Mganga huingia porini kutafuta mizizi, na abiria naye huingia porini, kwa hivyo anayewaona kwa mbali hana la kusema. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa redio kutoka Nairobi, aliyekuwa akienda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, alisikia konda akitangaza karibu na Same kwamba basi lingesimama dakika tano watu wachimbe dawa. Akashuka na noti mkononi. Alipoona wenzake wametawanyika vichakani alimfuata konda na kumwambia kwa adabu, “Ndugu yangu, mimi nichimbie ya mgongo tu.”

Kisa hicho hakikuishia hapo. Abiria mwingine, bwana mnene aliyevalia suti, alichagua kichaka chake gizani na kumbe kilikuwa na upupu. Safari iliyobaki aliimaliza akiwa amesimama. Ikikupata balaa kama hiyo, usijikune wala usisugue, kwa kuwa vile vinyweleo huzidi kuzama katika ngozi. Badilisha nguo, jioshe kwa maji mengi yanayotiririka, na vinyweleo vilivyobaki vinaweza kunaswa kwa utepe wa gundi unaobandikwa juu ya ngozi na kubanduliwa.

Turudi kwenye ile hesabu ya kutokunywa, maana ina kasoro. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba takriban nusu lita ya mkojo, na hamu ya kwenda haja huanza mapema kabla hakijajaa. Isitoshe, usiku figo za mtu mwenye afya hupunguza kazi zenyewe. Funda chache za maji kila baada ya saa moja hazitakuaibisha. Kinachowaaibisha watu ni chupa nzima inayonywewa kwa pupa steshini, au chai na kahawa, na zaidi ya vyote ni pombe. Pombe huizuia ile homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji, hivyo mkojo hutoka mwingi kuliko kawaida. Kijana mmoja aliyepanda basi la Kampala baada ya kuagana na marafiki zake kwa chupa nne aliomba kushuka Limuru, akaomba tena Naivasha, na kufikia Gilgil abiria walikuwa wameunda kamati ya kumjadili.

Anayejinyima maji naye hulipa kwa njia nyingine. Mkojo huwa mzito na mkali, kichwa huuma, choo huwa kigumu, na kwa akina mama mkojo uliokaa muda mrefu kibofuni huwapa vijidudu nafasi ya kuzaana. Mara nyingi yule dada anayelalamika siku mbili baadaye kwamba anachomeka anapokwenda haja ndogo, akidai kwamba alipata ugonjwa huo kwenye choo cha mpakani, aliutengeneza mwenyewe kwa kukaa usiku mzima bila kunywa na bila kwenda haja.

Wapo pia wanaosumbuliwa na dawa zao. Watu wengi wenye shinikizo la damu hupewa tembe za kuondoa maji mwilini, na kwa kawaida madaktari hushauri zimezwe asubuhi. Mzee mmoja aliisahau yake asubuhi akaikumbuka saa mbili usiku, basi likiwa limekwisha kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Aliimeza. Kabla ya kufika Salgaa tulikuwa tumesimama mara tano, na konda akawa amembatiza jina la “Mzee Steji”, kwa kuwa kila alipoinuka palikuwa steji. Mzee mwenyewe alicheka kuliko sisi sote. Ikiwa unatumia dawa za aina hiyo, zungumza na daktari wako kabla ya siku ya safari kuhusu saa ya kuzimeza. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Na popote uendapo, dawa zako zikae kwenye mkoba ulio nao kitini, si kwenye sanduku lililofungiwa katika buti ya basi. Anayekwenda Kigali akumbuke pia kwamba saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, jambo ambalo ni muhimu kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata saa ya ukutani.

Sasa tumbo. Basi la kupitia Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na huko juu mgandamizo wa hewa hupungua. Utaona pakiti za krisps zikifura mikononi mwa watoto na utasikia masikio yakizibuka. Gesi iliyo tumboni mwako nayo hutanuka. Sasa fikiria abiria aliyekula maharagwe na kabichi Nairobi akiwa ameketi karibu na wewe, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi. Sitaendelea.

Kigegezi cha safari kina chanzo chake. Sikio la ndani huhisi kila kona na kila tuta, ilhali macho yanatazama kiti kilichotulia au simu iliyo mkononi. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa sababu huwezi kuyatazama mandhari ya mbali nje ya dirisha. Keti mbele, kula kidogo, weka simu mfukoni na ufumbe macho. Tembe za kuzuia kutapika husaidia, lakini humezwa kabla ya safari kuanza, si baada ya matapishi ya kwanza, na nyingi kati yake huleta usingizi mzito. Zisichanganywe na pombe, na mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini.

Kuhusu usingizi huo, kuna bwana aliyemeza tembe mbili badala ya moja. Alfajiri, kule Busia, aliamshwa ashuke pamoja na wenzake. Tangu mwaka wa 2018 shughuli za nchi zote mbili hufanyiwa katika kituo kimoja, kwa hivyo hakuhitaji kutembea sana. Alionyesha karatasi zake macho yakiwa nusu wazi, kisha akapanda basi lenye rangi alizozijua na kulala tena. Aliamka jua limechomoza, akatazama nje, na kumwambia jirani yake kwamba hakujua Uganda ina mashamba mazuri hivyo ya chai. Alikuwa Kericho, anarudi Nairobi.

Waendao Kigali wana mtihani mwingine. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2008, Kenya ikafuata mwaka wa 2017. Mama mmoja aliyekuwa na tabia ya kutapika safarini alikuwa ameficha mifuko yake kumi chini ya vitenge, na yote ikachukuliwa mpakani. Alipewa mfuko wa kaki. Kaki na majimaji havipatani, na aliyeketi mbele yake hatausahau mlima wa kwanza wa Rwanda. Mkebe wenye kifuniko hauna matata na hakuna askari atakayekunyang’anya.

Vita vya dirisha navyo utavikuta katika kila basi. Huyu anafungua, yule anafunga, mmoja anasema ana joto na mwingine analia kwamba atapata nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, wala haiingii na upepo wa Molo. Hewa isiyobadilishwa ndiyo inayosambaza kifua kikuu, mafua na Covid-19 kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa safu nzima ya viti. Beba shuka au sweta, kisha uliache dirisha lako wazi kidogo. Kama jirani anakohoa na hataki kusikia habari ya dirisha, barakoa haijapitwa na wakati.

Ukivuka mto Nile pale Jinja na kuupita msitu wa Mabira, utafika Namawojjolo, ambako wachuuzi hulizingira basi na vijiti vya nyama ya kuku na ndizi za kuchoma ziitwazo gonja. Nyama inayotoka motoni ikiwa moto haina ubaya. Kilichopoa, au tunda lililomenywa na kukaa wazi tangu alfajiri, kiache kipite.

Hapo ndipo watu huanza kutafuta viatu vyao. Viatu vilivyovuliwa Nakuru sasa vinakataa kuingia. Nimewahi kusafiri na ujumbe uliokuwa ukienda Kampala kwa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ambapo upande wa bwana hujitambulisha kwa wazazi wa mchumba. Mjomba mtu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, alikuwa amenunua viatu vipya vyeusi vya kumetameta. Aliviingiza vidole tu. Basi mzee wa watu alikwenda ukweni amevaa kanzu, koti safi na kandambili za rangi ya samawati, na kila alipoinuka kusema wenyeji walitazama chini badala ya kumtazama usoni.

Uvimbe kama wa mjomba, unaoikumba miguu yote miwili kwa kiasi sawa, kwa kawaida hauna hatari. Damu inayoshuka miguuni hurudishwa juu kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa kila unapopiga hatua. Ukikaa bila kutembea, hakuna wa kukamua. Damu hujikusanya, maji hupenya nje ya mishipa na mguu hufura. Ukilala umeinua miguu juu ya mto, kesho yake viatu vitaingia.

Hatari ni pale damu iliyotulia inapoganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge likikatika na kusafiri hadi mapafuni linaweza kumuua mtu kwa dakika chache. Jambo hili si geni wala halikuanza na ndege, ingawa watu wengi huamini kwamba ni ugonjwa wa wasafiri wa ndege. Mwaka wa 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu, maelfu ya wakazi walilala mahandakini, wengine wakiwa wamekaa usiku kucha kwenye viti vya turubai. Daktari Keith Simpson, mtaalamu wa kuchunguza maiti, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watu waliokufa ghafla kwa madonge ya damu mapafuni. Ubao wa mbele wa viti hivyo ulikuwa ukiibana mishipa ya mapaja. Ukitazama vizuri, kiti cha basi chenye ukingo mgumu, huku magoti yamebanwa na kiti cha mbele na mzigo uko chini ya nyayo, hakitofautiani sana na viti vile.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu suala hili. Ilibainika kwamba uwezekano wa damu kuganda huongezeka karibu maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi, iwe ni kwa ndege, gari moshi, basi au gari dogo, mradi msafiri amekaa bila kujongea. Usiingiwe na hofu kupita kiasi. Kwa abiria wa safari ndefu za ndege, watafiti walikadiria mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini hesabu hiyo haiwi sawa kwa kila mtu. Mama mjamzito au aliyejifungua majuma machache yaliyopita, anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mtu mnene sana, na yeyote aliyewahi kupata donge kabla, hao wamo katika hatari kubwa zaidi na wanapaswa kumwona daktari kabla ya kukata tiketi.

Jirani yangu mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu anayefanya biashara ya vitenge, alikuwa bingwa wa kutokunywa maji. Alikwenda Kigali na kurudi katika siku tatu, akikaa dirishani pande zote mbili ili asisumbuliwe na wapitao, na mzigo wake akiuweka chini ya miguu usije ukaibwa. Siku ya nne mguu wa kushoto ulivimba, peke yake, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu. Wa nyumbani walisema ametegewa kitu na washindani wake sokoni. Akaletewa mafuta ya kuchua, akachuliwa jioni mbili mfululizo. Wa tatu kuja alikuwa mpwa wake ambaye ni muuguzi, naye alipoutazama mguu ule alipiga ukemi waache mara moja, kwa kuwa mguu wenye donge hauchuliwi, usije ukalisukuma. Picha za hospitalini zilithibitisha. Alitumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na angali anauza vitenge. Siku hizi anaposafiri huchukua kiti cha kando ya njia.

Unaweza kuifanyia kazi miguu yako hapo hapo kitini bila jirani kujua. Inua visigino huku vidole viko chini, kisha inua vidole huku visigino viko chini, mara ishirini au thelathini kila nusu saa uwapo macho. Usikalie mguu, usipachike mguu juu ya mwingine usiku kucha, na mzigo utafutie mahali pengine. Kila basi linaposimama, shuka, hata kama huna haja na hata kama konda anasema ni dakika mbili. Basi likiwa mwendoni usizunguke humo ndani. Funga mkanda wako. Tembe za usingizi huwafanya watu walale saa saba bila kugeuka, kwa hivyo achana nazo. Soksi maalum za kubana miguu husaidia zikiwa za kipimo chako, lakini mwenye kisukari au mwenye miguu isiyopata damu vizuri aulize kwanza. Aspirini isimezwe kiholela kwa matumaini ya kuzuia donge.

Na maji, kunywa. Lita moja kwa usiku mzima, kidogo kidogo, inamtosha mtu asiye na maradhi ya figo au moyo.

Donge halitokei lazima ndani ya basi. Linaweza kujitokeza siku kadhaa, hata majuma kadhaa, baada ya kufika. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukiuma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukishikwa ghafla na kifua kinachochoma unapovuta pumzi, ukahema bila kukimbia, au ukakohoa damu, usingoje kupambazuke. Daktari atakuuliza umekula nini na umeumwa tangu lini, na huenda asiulize kama umesafiri. Mwambie wewe: ulipanda basi siku gani, ulikaa saa ngapi, na ulishuka mara ngapi.